Wingu Limekaa Pugu

Hamisi, mjukuu wangu, mume wangu,

Marahaba. Salamu zako nimesomewa zote. Mbuzi kazaa mapacha, na baba yako mdogo kaezeka jiko kwa bati, sasa mvua ikinyesha hatusikilizani.

Umeuliza, huko chuoni unakosomea hali ya hewa, nani alinifundisha mimi mawingu. Hakuna. Nilizaliwa chini ya vilima vya Pugu, nikavizoea kama uso wa mama.

Enzi za Mwingereza nikaolewa Kinyerezi. Nikiwa bado mgeni pale ukweni, tulianika mpunga wetu wote kwenye majamvi. Jua kali, mbingu safi. Mara upepo ukakatika. Nikatazama Pugu: wingu limekaa juu ya vilima, tumbo jeusi, halisogei. Nikaanza kukusanya mpunga.

“We mwali, nani kakutuma?” mama mkwe akafoka.

“Wingu limekaa Pugu, mama. Likikaa vile, linakuja kwetu.”

“Pugu ni Pugu. Hapa jua!”

Nikaendelea kukusanya. Akasonya, lakini akashika ncha ya pili ya jamvi. La mwisho lilipoingia ndani, mvua ikashuka. Mpunga wa majirani ukaelea uani.

Kesho yake jua likawaka, majirani wakatoka na majamvi yao. Mama mkwe akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akawapigia kelele:

“Ngojeni kwanza! Mkwe wangu hajatoka kutazama.”

Nikatoka, mume wangu. Taratibu. Sikuwa na haraka hata kidogo.

Bibi yako,
Mwanahawa