Migunga ya Laga ya Kipsing

Nairobi, 6 Februari 2023

Kwa mama yangu mpendwa,

Habari za huko Kipsing? Mimi niko salama, ila baridi ya huku inanibana kifua. Kaka Lokuruka na watoto wake hawajambo? Na mgongo wako? Barua hii nampa M'Ikiara wa lori la unga, kwa kuwa simu hazishiki huko siku hizi.

Mama, nimepata kazi. Natazama picha za ardhi zilizopigwa kutoka angani, za zamani na za sasa, naweka rangi nyekundu mahali miti imekwisha. Ni kazi ya Afrika nzima. Mkubwa wetu anasema hewa ya kaboni inayovuruga mvua, hapa barani kwetu sehemu kubwa haitoki kwa magari wala viwanda. Inatoka kwa miti inayokatwa na ardhi inayogeuzwa.

Jana nilipewa kipande cha picha cha kwetu. Nikatafuta pale laga yetu, ule mto usio na maji, inapokunja karibu na boma. Ile migunga mikubwa haipo! Ni mchanga mtupu. Ni nani amefanya hivi? Mwambieni chifu.

Binti yako,
Akolong

Kipsing, 3 Machi 2023

Kwa binti yangu Akolong,

Salamu nyingi. Sisi tuko. Mgongo ni ule ule. Naandika mwenyewe, usicheke, mwalimu wa ngumbaru alituacha nusu ya kitabu.

Umeuliza ni nani. Ni mimi.

Nilianza mwezi wa nane. Mbuzi walikuwa wamekufa, wamebaki saba. Kila asubuhi nilikuwa nawainua kwa mkia, mmoja mmoja, ili wasimame. Siku moja niliwainua wakaanguka, nikakaa chini pamoja nao. Mtoto wa mwisho wa Lokuruka akavimba miguu kwa njaa. M'Ikiara akaniambia, "Mama Akolong, unga ninao, lakini lori langu linarudi tupu. Nipe makaa." Nikachukua shoka.

Mti wa kwanza niliukata nikilia, kwa sababu maganda yake yalilisha mbuzi wetu tangu marehemu baba yako anioe. Wa pili sikulia. Sasa Lokuruka anakata, mimi nachoma.

Uliona miti kutoka huko juu. Mbuzi hukuwaona?

Mamako,
Aule

Nairobi, 22 Machi 2023

Mama yangu,

Shikamoo. Mtoto anaendeleaje? Nisamehe kwa vile nilivyoandika. Nilipaka kipande chetu nyekundu, mkubwa akanisifu mbele ya wenzangu. Nilienda kujifungia chooni nikalia.

Lakini nakuomba, acheni. Mizizi ya miti hiyo ndiyo imeshika ukingo. Ukame huu utaisha, na siku maji yatakaposhuka kutoka Laikipia hayatakuta kitu cha kuyazuia. Nitatuma unga kila mwezi. Na boma lihamisheni, lipelekeni kilimani.

Akolong wako

Nairobi, 14 Agosti 2023

Mama,

Hamjambo huko? Hii ni barua ya tatu bila jibu. Najua umekasirika. Unga niliutuma miezi miwili tu, kisha ofisi ikatusimamisha. Wameniita tena kuanzia Septemba. M'Ikiara anasema lori lake bado linatoka Kipsing limejaa makaa. Mama, niandikie hata mstari mmoja. Mmehama?

Akolong

Kipsing, 19 Novemba 2023

Akolong,

Sijui nikusalimu vipi.

Hatukuhama. Juu kilimani maji ni mbali na mgongo wangu haubebi mtungi. Sikuwa na hasira na wewe. Niliona aibu kukuandikia kwamba bado tunakata.

Mvua ilipokuja tulicheza, mimi na wajukuu, tukilowa. Jumanne saa nane mchana tukasikia mngurumo juu ya laga. Maji yalikuja ya rangi ya damu, yakaanza kula ukingo pale palipobaki visiki. Ulikuwa unamegeka kama ugali. Tulitoa watoto. Lokuruka akarudi.

Nikamwita, "Lokuruka, wacha mbuzi!"

Akageuka. "Mama, tutabaki na nini?"

Ardhi ikaondoka chini yake. Yeye, mbuzi na boma.

Siku tano tumemtafuta. Mwanangu, hizo picha zako zinaona kila mahali. Mtafute ndugu yako. Alivaa shati ya buluu.

Mamako

Nairobi, 28 Novemba 2023

Mama yangu, pole. Pole sana.

Nimetafuta. Siku nne kulikuwa na mawingu tu, sikutoka ofisini. Jana yalifunguka. Nimefuata laga kutoka kwetu mpaka mto Ewaso, nukta kwa nukta. Lakini kila nukta ya picha hizi ni upana wa hatua kumi. Boma letu nimeliona, ni maji. Mtu haonekani, mama. Sikuwahi kukwambia hilo, nikakuacha ukingoja.

Ningekuwa njiani sasa hivi, ila barabara imekatika kabla ya Kipsing. M'Ikiara atatembea na barua hii kutoka hapo, mimi amekataa kunichukua kwa sababu ya maji. Ikifunguka tu nakuja.

Akolong

Kipsing, 7 Desemba 2023

Kwa binti yangu,

Usitafute tena. Abass, yule mchungaji wa ngamia, alimpata chini karibu na Ewaso, amefunikwa na mchanga, kamkumbatia mbuzi mmoja kifuani. Tumemzika kilimani. Watoto wanauliza kama baba amehama.

Mimi ndiye nilimfundisha mwanangu kukata ukingo aliokuwa amesimama juu yake. Hakuna mtu ameniambia hivyo, lakini najua, na nitajua mpaka nife.

Sasa sikiliza. Mbuzi hakuna. Unga umebaki wa siku mbili, na midomo iko sita. Juu ya laga, upande wa mawe, bado kuna migunga. Nimeapa sitaigusa, na leo asubuhi nimemwona mke wa Lokuruka akinoa shoka. Sikumzuia. Nilimshikia jiwe.

Tumeihesabu, imebaki kumi na mmoja. Njoo upesi, Akolong.

Mamako,
Aule