Koti la Kusimama Mahali pa Murdo

Wifi yangu Ishbel,

Habari za Kanada? Huku Uskoti mvua haikatiki, lakini kuku wanataga. Wawindaji wa ndege wameniomba nisimame na bunduki Jumamosi mahali pa marehemu kaka yako Murdo, nami nikasita. Koti lake linanimeza, basi nilikwenda dukani kutafuta la kupendeza, la joto, lisilopitisha maji.

"Inua mikono kama unalenga ndege, mama," muuzaji akasema.

Nikalenga kwa mwavuli. Mzee mmoja akainama. "Mama wee, mimi sina mabawa!"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu tumzike Murdo.

Nyumbani mbwa wake alinusa mfuko wa koti langu jipya, akaenda kulala. Nikahamishia humo biskuti zake zilizobaki kwenye koti la Murdo. Mbwa akanitangulia mlangoni.

Jumamosi tunakwenda.

Wifi yako akupendaye,
Mairi