Shangazi, Karate Yako Ilinisaidia Nusu

Mpendwa Shangazi,

Kaburi lako huko Tanga sijaliona. Baba alisafiri peke yake kuja kukuzika, mimi nikabaki Kasulu kuangalia duka, na tangu siku hiyo nina maneno ya kukuambia ambayo sijapata pa kuyapeleka. Leo nakuandikia mbele za watu, maana wasichana wengi wananiuliza swali ambalo Mama alikuwa akikuuliza wewe: hivi karate inamsaidia mtu kweli akivamiwa?

Ulikuja kwetu mwaka 2012, mwalimu mpya wa sekondari, na mkanda mweusi uliochakaa hadi ukawa wa kijivu kingoni. Majirani walitaka kujua mumeo yuko wapi. Wewe ulitaka kujua kama uani kwetu kuna mawe, usije ukaumia miguu kwenye mazoezi. Kila jioni ulinifundisha kuinama kwa salamu, kusimama, kupumua, kuchomoa mkono ulioshikwa, kupiga kelele ya Kijapani ya kutoka tumboni, kurusha ngumi kwa mpangilio uleule, mbele, nyuma, geuka. Mama alikuwa mlangoni anapepeta maharage, anacheka.

"Wifi, mwizi wa hapa atawangoja mmalize kuinamiana?"

"Hatangoja," ulimjibu. "Ndiyo maana tunafanya sasa, kabla hajafika."

Unaikumbuka siku ya stendi? Kijana alikushika mkoba, mkono wa pili ana kisu. Nikajua leo nitaona. Nilingoja teke. Wewe ukampa mkoba, tena taratibu, kama unampokeza mgeni maji, ukanivuta tukaenda haraka kulikokuwa na watu. Nililia kwa aibu njia nzima. Nikakuuliza, mkanda mweusi ni wa nini basi?

"Mkoba upo mwingine," ulisema, na sauti yako ilitetemeka, ndipo nikajua kuwa na wewe uliogopa. "Akinitoboa tumbo, mpaka tufike hospitali Kabanga nimekwisha. Nilifundishwa kupigana, Zuhura. Sikufundishwa kupenda kupigana."

Sikuridhika. Nilikuwa msichana, nilitaka kuona teke.

Mwaka 2015, ulikuwa umeshatutoka, kambi ya Nduta ikafunguliwa tena kwa ajili ya wakimbizi Warundi. Nikapata kazi ya ukalimani huko Kibondo, kwa kuwa Kiha cha Mama na Kirundi vinasikilizana. Wanawake walilalamikia njia ya kuni, kwamba wanavamiwa huko. Mchana mmoja nikafuatana na Mama Goreth, mjane aliyenong'ona hata alipotoa salamu, ili anionyeshe wanakookota. Tulikuwa tunarudi, yeye na mzigo kichwani, mwanaume akatoka porini akanidaka mkono. Safari hii hakuna aliyetaka mkoba. Hapakuwa na kitu cha kumpa tukaenda zetu.

Nikueleze kama ilivyokuwa. Ule mpangilio wote wa ngumi ulinitoka kichwani, sikukumbuka hata moja. Lakini miguu ilijipanua yenyewe, mwili ukashuka, mkono ukazunguka upande wa kidole gumba chake ukachomoka, na kiganja kikampata puani. Nikapiga ile kelele ya kutoka tumboni. Halafu nikajiona hodari, nikarusha teke. Kitenge kikanibana miguu, nikaanguka chali.

Karate yangu ikaishia hapo. Aliyeniokoa ni Mama Goreth. Alimtupia yule mtu mzigo mzima wa kuni kifuani, akanizoa chini, tukakimbia mpaka tukakuta walinzi. Yule mtu hakukamatwa. Jioni nilipokaa kufikiri niliona mambo mawili. Usingenifundisha, ningeganda kama nguzo. Na ningekuwa peke yangu na karate yangu, ningebaki pale chini.

Hilo ndilo jibu ninalowapa wasichana, Shangazi. Nusu yake uliniachia wewe. Nusu nyingine niliikuta njiani.

Mama Goreth alisimulia kambini, wanawake wakanijia. "Dada, tufundishe lile la mkono." Sikuwafundisha kama ulivyonifundisha. Tunafanya na vitenge vyetu, na mizigo kichwani, na kwanza tunajifunza kuutupa mzigo. Tunajifunza kukimbia. Kwenye kuni haendi mtu peke yake siku hizi. Mzee mmoja alikuja kulalamika kwamba nawafundisha wake za watu kupiga waume. Mkewe akamjibu, "Anayeogopa ana lake," tukacheka, na mzee naye akacheka, akakaa kutazama. Ile kelele yako ya Kijapani ilikuwa inawachekesha, kwa hiyo tukaiacha. Sisi tunapiga "Oya!", ambayo kwao na kwetu maana yake ni hapana.

Juzi ilikuwa zamu ya Mama Goreth. "Oya" yake ilitoka kama pumzi. Nikamwambia aitoe tumboni. Akafumba macho, akapanua miguu kama nilivyowaonyesha. Kisha ikatoka, Shangazi! Watoto waliokuwa wamelala migongoni wakashtuka, watu wakachungulia kutoka kwenye mahema. Akajiziba mdomo kwa kitenge, akatutazama mmoja mmoja.

"Sikujua kama sauti hii bado ninayo," akasema.

Halafu akaomba arudie.

Pumzika kwa amani. Mungu akuweke pema.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Zuhura