Kutembea Mbele ya Wageni

Jumatatu, 21 Julai

Nimechelewa tena kwenye matofali. Udongo ulishakanyagwa, kibao cha kufyatulia kapewa mwingine. Nimebeba maji kutwa.

Renilda nimempeleka shule mgongoni, kile kilima chote. Ana miaka kumi na moja. Sio wa kubebwa tena, miguu yake inanigonga magotini. Bosi Filbeti akaniuliza mbele ya watu, "Baba Reni, siku hizi umekuwa bodaboda?" Wakacheka. Na mimi nikacheka. Mjinga mimi.

Kasema nikichelewa tena nisije.

Mama yake angekuwepo tungepokezana. Hayupo.

Alhamisi, 24 Julai

Kasulu. Tumetoka Murungu bado giza. Hospitali wanampima Renilda mwendo, hii mara ya tatu. Ni ugonjwa wa misuli. Inakufa kidogo kidogo, dawa ya kuiponya hakuna. Wanambandika vidoti kiunoni, magotini, kwenye vifundo vya miguu. Anatembea kwenye sakafu laini, kamera inamchukua, kompyuta inasema miguu inakwendaje. Anayeonekana anashuka ndiye anapewa kitimwendo kwanza. Vipo vichache.

Leo nilikuwa na uhakika tutapata kiti.

Basi kavaa gauni la Pasaka, kapaka miguu mafuta. Akatembea. Kifua mbele, meno kayauma. Nguvu katoa wapi sijui. Nyumbani sijamwona anatembea hivyo tangu mwaka juzi.

Dokta Neema akafurahi. "Hajashuka, baba. Yuko pale pale."

Nikamwambia nyumbani anaanguka. Akasema yeye anaandika kilichoonekana.

Kiti hakuna. Kwenye basi sikumsemesha mtoto. Nilikuwa na hasira naye. Naandika hivyo hivyo, ndiyo kweli.

Ijumaa, 25 Julai

Kaanguka njia ya chooni. Gauni la Pasaka liko kwenye kamba, linakauka.

Jumapili, 27 Julai

Kanisani wamemshukuru Mungu kwa ajili ya Renilda. Vipimo vimesema hajashuka. Kawaambia mwenyewe. Akina mama wakapiga vigelegele, mimi nikatoka nje.

Jioni nikamwambia siku nyingine mbele ya kamera atembee kama anavyotembea. Akanitazama kama nimemtukana.

"Nitembee vibaya mbele ya wageni?"

Nimemfundisha mimi. Na mimi nilifundishwa na baba, kambini, tulipotoka Burundi. Wakija wenye magari kutuandikisha, anatunawisha nyuso, anatupanga mstari, mwenye kidonda anakificha. Mgeni asikuone mnyonge. Waliolia walipata mablanketi. Sisi tulipata sifa.

Jumanne, 12 Agosti

Dokta Neema kaja kliniki Kibondo, kanipigia nimlete mtoto. Kumbe maneno yangu hakuyasahau. Kamvalisha vikuku viwili vya plastiki, kila mguu kimoja. Havipigi picha. Vinasikia mguu unavyonyanyuka na unavyotua. Akianguka vinajua, akiinuka vinajua. Avae wiki nzima, aishi kama siku zote, na kutembea atembee.

Kanisisitiza. Akianguka na hajaumia, nisimwinue. Ainuke mwenyewe. Hapo ndipo misuli inaonekana.

Alhamisi, 14 Agosti

Hatembei.

Tangu avishwe vile vitu kakaa mkekani. Anasema kichwa kinauma. Shule hataki. Hata chooni anataka kubebwa. Kichwa uongo. Anajificha visimwone. Na vikisema mtoto kakaa tu, dokta ataandika nini? Kiti kitakwenda kwa mwingine.

Filbeti kaniambia leo nichague, tofali au shule ya mtoto. Hakutania.

Ijumaa, 15 Agosti

Leo sikumbeba. Nimemwambia tunakwenda kwa miguu, ukikataa utakaa humu ndani mpaka uzeeke. Maneno mabaya kumwambia mtoto. Akavaa sare. Nikatembea nyuma yake.

Niliomba aanguke. Mtu mzima, naomba mwanangu aanguke.

Akaanguka pale kilima kinapoanza. Nikasimama, mikono nyuma. Akajigeuza kifudifudi, akapiga magoti, akashika mapaja, akaanza kujipanda mwenyewe kwa mikono kama mtu anapanda mnazi. Akafika nusu, akarudi chini. Akaanza tena. Watu wanapita. Mama mmoja mwenye kapu la mihogo akasimama.

"We baba, huna huruma? Mtoto hana hata mama."

Akataka kumwinua. Nikamzuia mkono. Akatema mate chini, akaenda zake akinisema kwa Kiha. Nilisikia yote.

Renilda akasimama. Vumbi mpaka mdomoni. Hakulia. Akaangalia vile vikuku, akaniangalia mimi.

"Baba, vimeona?"

Nikasema vimeona.

"Basi nibebe."

Jumatano, 27 Agosti

Kasulu. Dokta Neema kafungua kompyuta. Kuna mistari miwili. Wa hospitali uko juu. Wa nyumbani uko chini. Akasema wa kuamini ni ule wa nyumbani, na akaniomba radhi. Dokta, kuniomba radhi mimi.

Misuli ya mapaja inakwisha. Akasema pengine mwakani hatasimama. Renilda alikuwa pale pale, anasikia. Akasema tu, "Sawa, dokta."

Kiti tumepewa. Nilichokuwa nakitaka ndicho hicho. Nimekifunga juu ya basi mwenyewe kwa kamba, halafu nikaenda nyuma ya choo cha stendi nikakaa huko mpaka basi likapiga honi.

Jumapili, 31 Agosti

Kanisani hakuna aliyepiga vigelegele. Wamekiangalia kiti, wakaangalia pembeni. Mchungaji kauliza imani yetu imekwenda wapi. Nimemwambia aje Jumatatu ambebe yeye mtoto kilimani.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimefyatua tofali tangu asubuhi. Nimewahi.

Wenzake Renilda wanamsukuma kilimani, wanagombania zamu. Mgongo wangu mwepesi. Siupendi hivi.

Jioni kiti kikabaki nje, mlango mwembamba, hakipiti. Nikataka kumbeba, akasema hapana. Akasimama. Akashika ukuta. Vikuku vilisharudi Kasulu, dokta hayupo, mgeni hayupo. Akaanza kutembea, kutoka mlangoni mpaka kitandani.

Nikageukia moto, atembee bila kutazamwa, nikachochea kuni, mpaka nikasikia kitanda kinalia.