Stroberi ya Moraa

Jumanne, 2 Machi 1971
Nimesahihisha madaftari ya darasa la sita. Moraa bado yuko bustani ya majaribio. Siku hizi mke wangu anarudi na udongo hadi kwenye kope.

Miche yake ya stroberi imeanza tena kutoa maua na matunda. Mama ya miche hiyo ni aina ile ya tunda kubwa, laini, ambalo likifika soko la Keroka limeshakuwa uji. Baba yao ana tunda dogo, gumu, na majani yasiyopata madoa. Moraa alipaka chavua mwenyewe kwa brashi, ua moja moja. Miche mingi imerithi ubaya wa pande zote mbili. Mmoja tu ndio anaousifu: tunda kubwa na gumu, majani safi.

Ijumaa, 5 Machi
Shida. Mche ule hautoi kamba, yaani vile vitawi vinavyotambaa na kuota mizizi. Ukipanda mbegu zake, kila mche utatoka na tabia yake. Kamba peke yake ndiyo huzaa mche uleule. Mche ukizeeka bila kamba, basi, umepotea.

Wakubwa wa kilimo wanakuja Alhamisi kuonja. Wasiporidhika, shamba la stroberi litapandwa viazi.

Jumapili, 7 Machi
Ameyakata maua yote ya mche ule. Hata vitunda vilivyoanza kuiva.

"Nguvu iende kwenye kamba," aliniambia.

"Na wageni wataonja nini?"

"Hawataonja."

Nimeogopa. Mimi nisingethubutu.

Alhamisi, 11 Machi
Nilipata ruhusa shuleni, nikasimama karibu na uzio wa bustani. Mgeni mmoja aliuliza tunda liko wapi. Moraa akajibu, "Hakuna, mzee. Nimechagua mche badala ya tunda." Akaeleza jinsi tabia zinavyorithiwa, kwa maneno ambayo hata wanafunzi wangu wangeelewa. Wageni walitazamana. Mkuu wa bustani alimwambia mbele yao kwamba amewaaibisha.

Nilikasirika. Yeye hakuinamisha kichwa.

Ijumaa, 19 Machi
Shamba limepewa viazi. Moraa anahamishiwa shamba la pareto, yale maua ya dawa ya wadudu. Aliomba ule mche mmoja. Mkuu alisema achukue, utatupwa hata hivyo. Aliubeba na udongo wake ndani ya karai, kwa miguu, chini ya mvua, akiuinamia ili matone yampige yeye mgongoni. Umepandwa nyuma ya jiko.

Jumatatu, 29 Machi
Hakuna kitu. Majani tu. Moraa hali chakula vizuri. Nami sili.

Jumatano, 14 Aprili
Kamba! Nyembamba kama uzi, nyekundu kidogo. Alinivuta nje nikiwa na povu la sabuni usoni. Alicheka, halafu akalia, halafu akaenda kazini.

Jumapili, 13 Juni
Kamba zimeota mizizi kwenye makopo. Asubuhi tulipeleka miche kwa shangazi yake na jirani zake kijijini Nyacheki, wapande kando ya mashamba ya chai. Majani yote ni safi, yanafanana kabisa.

Jioni mche wa nyuma ya jiko ulikuwa na tunda moja limeiva. Alilikata kwa kisu. Jekundu mpaka katikati, gumu, na kisu hakikulowa. Kipande chake hakukigusa. Alikuwa ananitazama mimi nikitafuna.

"Tamu," nilimwambia.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kisha naye akala.

Muumba ni mmoja, najua. Ila tunda hili halikuwako duniani kabla ya Moraa.