Safari ya Mama Baada ya Eda

Jumatatu, 4 Agosti

Nimemuuliza Mama akitoka eda anataka kupumzika wapi. Nilidhani atasema kwa dada yake Tanga. Akasema: penye mto. Mto! Kaka yangu Mudathir akacheka – si Msimbazi huo hapo nyuma? Sisi wa Vingunguti mto tunaujua kwa harufu. Mama hakucheka. Anataka mto wa kukaa ukautazama.

Nimeingia mtandaoni, nimepata Kwamsanja. Kimji kando ya Ruvu, kimejaa wachongaji, wafinyanzi, wachoraji. Kuta zote zimechorwa – mpaka choo cha stendi! Nimetazama picha mpaka simu ikazima. Sikujua kuna watu wanaishi hivi, mwendo wa saa tatu tu kutoka kwetu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeongea na Adelina, mfinyanzi anayepangisha vyumba. Baraza iko juu ya maji kabisa. Mgeni akitaka udongo anapewa. Afinyange asifinyange, shauri yake. Na Jumamosi tarehe 16 kuna ngoma kingoni mwa mto, mji mzima unatoka.

Tarehe 16! Kwa hesabu yangu eda inaisha Jumapili, 17. Siku moja! Nimeumia. Nimechukua chumba cha wikiendi inayofuata.

Jumapili, 10 Agosti

Bi Zubeda, anayemsimamia Mama eda, kanikuta na kalenda ya ukutani. Baba alifariki Aprili 7, nimehesabu miezi minne na siku kumi. Akapiga kofi. "Wee Nusaiba, eda unaihesabu kwa Aprili na Mei? Eda inakwenda kwa mwezi mwandamo, mwanangu! Mamaako anatoka Jumatano hii."

Aibu! Na madrasa nimesoma. Halafu furaha – ngoma tunaiwahi! Nikampigia Adelina abadilishe tarehe, nikamkimbilia Mama.

Mama akasema anajua. Kila mwezi ulipoandama aliutafuta dirishani. Nikamuuliza: sasa mbona hukuniambia? Akanyoosha ncha ya kanga yake. Kumbe nilikuwa nimempa siku nne zaidi za kukaa na Baba, akaona asizikatae.

Miaka thelathini na mbili naishi na huyu mwanamke, simjui hata nusu.

Jumatano, 13 Agosti

Kaogeshwa. Nguo za eda kachukua Bi Zubeda, ni haki yake. Udi, wanja, kanga mpya. Mzuri! Majirani walipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka.

Ila mlango wa mbele hajauvuka. Anasema bado.

Ijumaa, 15 Agosti

Saa mbili asubuhi. Naandika ndani ya gari.

Mama katoka chumbani na begi, kavaa baibui, kafika mlangoni. Mguu mmoja ukawa nje. Hapo akageukia ndani, kama alivyofanya kila alipotoka miaka yote ya ndoa yake: "Baba Mudathir, mie natoka!"

Bi Zubeda kaziba mdomo kwa kiganja. Mudathir kazima injini.

Mama halii. Hajarudi ndani, hajatoka. Kasimama tu, kichwa kakiinamisha upande wa sikio linalosikia vizuri. Anasubiri aitikiwe.

Na sisi wote, Mungu atusamehe, tunasubiri naye –