Esansi ya Kupanda Bugarama

Jumatatu, 3 Machi 1997
Nina hasira! Patron Gélase, mwenye gari, amemuita mutoto wangu Uthmani, shofere wake, kule kwake Kinindo. Ati kamyoneti inakula esansi sana, na tangu embargo ya inchi jirani ianze esansi inatafutwa kama dawa. Sasa atamupa bido moja tu, kidumu kidogo — kupanda mulima mpaka Bugarama, kupakia kabichi, kurudi. Ikimuishia njiani, ufunguo atapewa mwingine. Gari yenyewe ni nzee kuliko mutoto! Si aigombeze gari?

Jumatano, 5 Machi
Mutoto ameshinda kwa fundi Radjabu, hapa Jabe. Wamesafisha filtre, wamerekebisha kabiratere inayogawa esansi, pine wamezijaza upepo zikawa ngumu kama mawe. Benchi ya nyuma wameitoa. Radjabu anasema gari nyepesi inakunywa kidogo. Nimemuwekea maharage mengi. Akaniambia, Mama, unanijaza mi, uzito unarudi palepale. Nikacheka. Kidogo.

Ijumaa, 7 Machi
Kumbe! Jirani amemuona akishuka mulima moteri imezimwa, gari inateleza yenyewe. Ili asichome esansi! Bila moteri frein inakuwa nzito, gari haisimami — hata mi nisiyesoma najua, baba yake alikuwa shofere. Nimemugombeza mpaka nyumba ya tatu wakasikia. Ameapa kwa Mungu hatazima tena. Atatafuta njia nyingine. Njia gani? Akaendelea kula.

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi, yeye ameshaondoka, nimeenda kuchukua makaa nyuma ya nyumba. Chini ya magunia — pine ya secours! Ile ya kubadilisha njiani ingine ikipasuka. Ameiacha ili gari iwe nyepesi. Nikakimbia kwa Radjabu. Ati mashofere wote wa Bugarama wanafanya hivyo sasa, ikipasuka wanaazimana. Wanaazimana! Na konvua, musafara wa magari unaolindwa na askari, haingoji mutu, na kule porini kuna watu wa bunduki.
Saa kumi konvua imeshuka. Uthmani hayumo. Pontien, shofere mwenzake, hakunitazama usoni. Ati pine ya mbele imepasuka kule juu, karibu na Bugarama. Wakapita gari kwa gari kuomba ya kuazima. Hakuna hata mmoja aliyebeba. Wote wameacha nyumbani! Wakamuambia apande nao. Amekatala kuacha gari ya patron. Patron!

Jumanne, 11 Machi
Nimevingirisha pine mi mwenyewe mpaka kwenye baryeri, kizuizi cha njia, pale konvua inapojipanga. Pontien anapanda na gari tupu. Tupu kabisa! Nikamuomba amupelekee Uthmani. Akakuna kichwa.
"Mama Uthmani, nisamehe. Ni uzito. Na mi bido yangu ni ndogo."
Nimesukuma pine juu ya gari yake, nikapanda, nimeikalia. Daftari iko kwenye magoti. Amesimama hapo chini, anasema nishuke, mi mutu muzima. Ananipima kwa macho, namuona — pine, na mama juu yake. Askari amepiga filimbi. Gari za mbele zimewasha.
Sishuki.